Swichi Isiyo na Feni

Jumatatu, 7 Oktoba

Masila amekuja asubuhi. Hajakaa, hajanywa chai. Amesimama mlangoni mwa chumba cha mashine, akaniambia yake huku akiangalia simu.

"Kamanthe, ile hasara ya Septemba ndiyo ya mwisho. Kundi lingine la vifaranga likifia humu ndani, nauza. Niko na mtu anataka hii nyumba iwe stoo ya simiti."

Nikamwuliza kama ananiambia au ananiuliza. Akasema ananiambia.

Na haki iko upande wake, hilo ndilo linaloniuma. Ploti ni yake na hati iko kwa jina lake. Mdogo wake Muthoka, mume wangu, alijenga hapa kwa neno la mdomo, vile ndugu hujenga. Muthoka tulimzika Machi. Ameniachia mashine tatu za kuangulia vifaranga, Lavender wetu aliye chuoni, na mama yake, ninayemwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, ambaye tangu mazishi hajaweka chini sindano ya kufuma. Sisi sote tunakula kutoka kwa hayo mayai.

Nimeanza kuandika haya kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumtukania Masila. Mwaitu ni mama yake pia.

Jumanne, 8 Oktoba

Jua. Wingu limepita juu ya vilima vya Iveti likaenda zake.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo nimefungua ile swichi iliyotumaliza Septemba. Sisemi swichi ya taa. Hii ni kile kisanduku ambamo nyaya zote za mtandao zinakutana: vipimajoto vya kila mashine, kamera, king'ora, na kile kidude kinachonitumia ujumbe kwa simu. Joto likienda vibaya au stima ikipotea, habari lazima ipite hapo ndiyo inifikie. Kisanduku chenyewe kikifa, simu inakaa kimya, na wewe unadhani kimya ni uzima. Mwezi uliopita nilikuwa sokoni nachagua nyanya, nimetulia kabisa, na mayai yanapoa.

Ndani nimekuta vumbi la manyoya limegandamana na mabawa ya kumbikumbi wa mvua iliyopita. Kumbe wanafuata zile taa ndogo. Muthoka aliinunua kwa sababu ilikuwa rahisi. Nimemkasirikia marehemu kwa muda mrefu, halafu nikafunga kisanduku, nikalia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Masila ametuma swichi kutoka Nairobi kwa dereva. Ni ya plastiki, ndugu pacha wa ile iliyokufa. Nikampigia.

"Swichi ni swichi, Kamanthe. Mnapenda kufanya vitu viwe vigumu."

Nimeiweka chini ya kitanda. Anayetoa amri ya kuuza ndiye ananichagulia chombo cha kunifilisi. Sitaki.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeenda kwa Guled. Duka lake liko karibu na soko, anauza vifaa vya mtandao na kufungia shule na ofisi nyaya zao. Babake, mzee Abdille, aliuza mbuzi hapa Machakos miaka yote, na Guled anaongea Kikamba kuliko binti yangu. Alikuwa kwa mazishi, alisimama nyuma kabisa mpaka mwisho.

Nilimwambia nataka swichi ya kuaminika. Hakuniambia bei, hakunionyesha hata boksi. Aliniuliza maswali mpaka nikachoka. Itakaa wapi? Kuna vumbi gani? Paa ni mabati au ni la kigae? Stima yenu inacheza? Nyaya ni ngapi leo, na zitakuwa ngapi mwakani? Zikizimika, nani ataumia?

"Mimi," nikasema.

"Basi tuchague kama wewe ndiye utaumia."

Akaweka mbili juu ya meza. Moja ni kubwa, imetoka kwa ofisi iliyofungwa, na ina feni mbili zinazovuma. Bei yake ni nzuri. "Hii ni mashine ya kazi," akasema, "lakini feni inavuta hewa ndani, na hewa yako ni manyoya. Utakuwa unainunulia kaburi." Ya pili ni ya chuma, haina feni hata moja, imefungwa pande zote, na mgongoni ina mbavu za kutolea joto. Inatuma moto wa stima kwa waya uleule unaobeba habari, kwa hivyo vipimajoto na king'ora havihitaji soketi. Ukiiwekea betri, stima ikipotea yenyewe inabaki macho na kunipigia.

Bei yake ilinifanya nikae chini. Nikamwambia Muthoka hangeinunua.

"Muthoka alikuwa rafiki yangu na nilimwambia hivyohivyo," akasema, bila kutabasamu.

Nimeichukua. Nimeuza ng'ombe wetu wa mwisho, na sijamwambia Masila.

Alhamisi, 17 Oktoba

Guled ameifunga ukutani, juu, karibu na mabati, mahali kuku na maji havifiki. Tumeijaribu. Nilizima stima kwa makusudi na king'ora kikalia mpaka Ndolo, kijakazi wetu wa kiume kama anavyojiita mwenyewe akitaka kunichekesha, akadondosha debe la maji. Simu yangu ikalia papo hapo. Sijacheka hivyo tangu Machi.

Mwaitu alikuwa amekaa mlangoni na uzi wake, anaangalia kila kitu. Akamwuliza Guled, "Na hii nayo itauawa na nini?"

"Vumbi, mama. Adui wa hizi vitu ni vumbi."

Mwaitu akatikisa kichwa polepole. Kisha akamwomba Guled ampimie ile swichi kwa uzi, urefu na upana. Guled akadhani ni udadisi wa wazee, akampimia.

Jumapili, 20 Oktoba

Misa. Jua. Wakulima wote wanaangalia juu kuliko wanavyomwangalia padri.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua. Imeanza saa ya chakula cha mchana na haijakoma. Mabati yanapiga kelele, siwezi kusikia redio, na sitaki. Ndolo amesimama nje kwa makusudi akalowa.

Ijumaa, 1 Novemba

Mwaitu amemaliza kitambaa cha swichi.

Anayesoma haya na si wa huku atashangaa, lakini kwetu hakuna kitu kinachokaa uchi. Runinga ina kitambaa, friji ina kitambaa, kila kiti kina cha mgongo na cha mikono, hata mtungi wa gesi. Tangu Machi imezidi. Mtoto wake wa mwisho ameenda mchangani, na yeye anafunika. Mimi namwelewa, kwa sababu mimi pia kila usiku nafunika upande wake wa kitanda.

Hiki kimefumwa kwa uzi mweupe, maua mekundu pembeni, na ndani ameshonea kitambaa kizito cha satini, "vumbi lisipate njia". Kinaingia kwa swichi sawasawa, kimeacha tu upande wa nyaya. Alipanda kwa stuli mwenyewe, na miguu yake hiyo, Ndolo akimshikilia. Alipokivisha akarudi nyuma akaangalia.

"Sasa na ikae," akasema. Akatabasamu. Huo mdomo nilikuwa nimeusahau.

Nikamwambia kimependeza. Na kweli kilipendeza.

Jumatano, 6 Novemba

Kumbikumbi. Wametoka ardhini jana jioni kama moshi, wakajaa kwa kila taa. Asubuhi nimeenda mbio kuangalia swichi. Hakuna hata bawa moja. Mwaitu akaniambia, "Unaona?" Ameimba akipepeta mahindi.

Jumatatu, 11 Novemba

Tumeingiza mayai. Mashine zote tatu zimejaa. Karibu nusu ni ya Kasyoka na kikundi chake cha akina mama wa Muthetheni. Wamejenga vibanda vya kuku, wamenunua chakula, wanangoja vifaranga wakati huu kuna majani mabichi na wadudu. Kasyoka alikuja kuona mwenyewe. Ni mwanamke wa maneno machache.

"Mama Lavender, hawa wanawake nimewavuta kwa mkono. Usiniangushe."

Nikampeleka nikamwonyesha swichi, nikamweleza yote kuhusu mbavu na betri. Akaguswa zaidi na kitambaa. Ameuliza kama Mwaitu anaweza kumfumia cha redio.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua imekatika siku mbili na jua limerudi kwa hasira. Alasiri nilifungua simu mwenyewe nikaona vipimajoto vyote vimepotea. Nilikimbia. Mashine zilikuwa salama, ni habari tu zilizokatika. Kabla sijafanya lolote zikarudi zenyewe.

Nikampigia Guled. Akaniuliza, "Iko mahali ileile nilifunga? Hakuna kitu kimeegemea?" Nikasema iko pale pale, hakuna aliyeigusa. Akasema pengine ni stima inayocheza, atapita akipata nafasi. Anafungia shule moja mtandao wote, kazi kubwa.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua, baridi. Swichi haijasumbua.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua. Hakuna kitu.

Alhamisi, 21 Novemba

Jua kali tena, na alasiri habari zimepotea tena, zimekaa zaidi kuliko mara ya kwanza, zikarudi. Nimempigia Guled kwa sauti isiyo nzuri. Nimemwambia mashine ya bei hiyo haifai kuchagua siku za kufanya kazi. Akasema, "Uko sawa, Mama Lavender. Jumatatu nikikosa kuja, Jumanne."

Masila akiulizwa atasema nini? Nimemwona usoni bila yeye kuwa hapa.

Jumanne, 26 Novemba

Guled hakuja jana na hajaja leo. Mvua ni ya kutisha, barabara ya ile shule anayofungia mtandao imekatika. Swichi inafanya kazi vizuri sana. Kuna baridi hata Mwaitu amejifunika.

Nimeanza kumwona Guled kwa jicho lingine. Labda maswali yote yale yalikuwa ya kuniuzia tu.

Alhamisi, 28 Novemba

Tumehamisha mayai kwa trei za kutotolea, chini ya kila mashine. Ukiweka yai sikioni unasikia kidogo kidogo ndani. Nimempa Mwaitu moja asikilize. Amelishika muda mrefu.

Jumapili, 1 Desemba

Naandika haya Jumatatu asubuhi, lakini ni ya jana, nitaiweka jana.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Anga ilifunguka alfajiri, hakuna wingu, jua likatoka la kukausha nguo na mtu ndani yake. Vifaranga walikuwa wameanza kutoboa. Nilitaka kubaki, Mwaitu akasema, "Simu si itakuita?" Baada ya misa kulikuwa na mnada wa vitu vya sadaka, wa kutafuta pesa za paa la kanisa, na yeye alikuwa ametoa seti nzima ya vitambaa. Alitaka nione vikinunuliwa. Ndolo pia ni mtu wa kanisa. Tulikwenda wote. Ndiyo maana tulinunua chombo kile, ili tuweze kwenda wote.

Padri alihubiri juu ya kukesha. Nilikuwa na simu mkononi wakati wote, haikulia.

Mnada ukachukua muda wake. Jogoo akauzwa mara tatu, kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena, watu wanacheka. Miwa. Boga. Kisha seti ya Mwaitu, na watu wakashindana, na mwanamke mmoja wa kwaya akaichukua kwa bei ambayo nilimwona Mwaitu akiinamisha uso kwa haya. Niliangalia simu. Kimya. Nikashukuru Mungu, kwa maneno, kwa sauti.

Tulipofika nyumbani nilisikia kimya kabla hatujafungua lango. Mashine zina sauti yake, ukikaa nazo huisikii mpaka isiwepo. Stima ilikuwa imepotea. Jirani amesema ilipotea saa sita mchana, jua likiwa kali. Jenereta ilikuwa hapo, imejaa mafuta, inangoja mtu avute kamba.

Yai la siku ya mwisho halipoi. Linajichemsha lenyewe, na lile la jirani yake, na vifaranga waliokwisha kutoka wanahema, na feni imesimama. Nilifungua mlango na joto likanipiga usoni. Wale waliokwisha kutoka walikuwa wamejisukuma wote mlangoni, wamepandana. Wengine walikuwa wametoboa tu, mdomo nje, wamekaa hivyo.

Ndolo alivuta jenereta, sijui kwa nini. Mwaitu alikuwa anawatoa mmoja mmoja, anawapulizia mdomoni. Aliwapulizia wote aliowafikia. Wachache walisimama, wakaanguka. Nilimwambia, "Mwaitu, acha." Hakuacha. Nilikaa kwa sakafu. Sikulia. Nilikuwa naangalia ile swichi juu ukutani na maua yake mekundu, na taa zake zote zimezima, na betri chini yake ikiwa imejaa, nikasema kwa sauti, "Guled ameniua."

Jioni jua lilipopoa, swichi ikawaka yenyewe. Simu yangu ikalia. Ikalia tena. Jumbe zote za kunionya.

Jumatatu, 2 Desemba

Tumewazika kwa shimo nyuma, na chokaa juu. Kasyoka na wenzake walikuja na maboksi yao yametobolewa matundu. Walisimama. Mmoja alianza kulia na Kasyoka akamwambia anyamaze. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Ni nini?" Nikamjibu, "Ni Guled. Ameniuzia kitu kibovu."

Halafu nikaenda dukani kwake. Kulikuwa na watu. Bwana wa ile shule alikuwa hapo, pamoja na walimu wawili. Nilimvua nguo kwa maneno mbele yao wote. Nilimwita mwizi. Nilisema ananiuzia mzoga akiuita mpya kwa sababu mimi ni mjane na sina wa kunitetea. Nilisema na mengine, juu ya kwao na watu wao, ambayo sitayaandika. Yeye alisimama nyuma ya meza, mikono juu ya meza.

"Nitakuja kuiangalia kesho," akasema.

Niliondoka nikiwa nimeshiba. Hiyo ndiyo kweli. Nilihisi nimekula.

Jumanne, 3 Desemba

Masila amekuja kabla ya Guled. Ameona shimo. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Amesema yule mtu wa simiti atakuja Jumamosi. Habari ya Guled aliipenda, ameiweka kwa kikundi cha simu cha ukoo na cha wafanyabiashara, jina na mahali duka liko.

Guled alikuja saa sita, jua liko utosini. Mwaitu alikuwa mlangoni mwa chumba cha mashine, mahali pake. Tulikuwa tumerudisha stima na taa za swichi zilikuwa zinapotea na kurudi. Guled akapanda kwa stuli, akaona kitambaa. Nilimwona mgongo tu. Alikaa hivyo kama mtu aliyesahau alichopandia. Kisha akakivua polepole, akaweka kiganja juu ya chuma na kukiondoa haraka.

"Ni vumbi?" Mwaitu akauliza. "Nilifunika vizuri. Vumbi liliingia wapi?"

Guled akashuka. Alikuwa amekunja kitambaa, upande wa maua nje.

"Si vumbi, mama. Umeilinda vizuri. Mashine yenyewe ndiyo ilikuwa mbovu. Makosa ni yangu, naomba unisamehe."

Mwaitu akamwangalia. "Umeniulia vifaranga wa mtoto wangu," akasema, bila ukali wowote. Guled akainamisha kichwa. Akaifungua swichi ukutani, akaibeba kwapani, na akitoka akanipa kile kitambaa mkononi. Hakunitazama.

Nilikitupa kwa kikapu cha nguo chafu.

Jumatano, 4 Desemba

Nilikuwa nafua. Nimekigeuza kile kitambaa ndani nje.

Ile satini nyeupe imeungua. Imekuwa rangi ya chai ya rangi, mistari mistari, kila ubavu wa ile mashine umejichora. Katikati imekauka mpaka inavunjika kwa kidole.

Siku za mvua ilikuwa inafanya kazi. Siku za jua ilikuwa inazima. Haina feni. Inapumua kwa mbavu, na sisi tumeivisha sweta chini ya mabati. Guled aliniuliza kama kuna kitu kimeegemea nami nikasema hakuna. Sikumdanganya. Sikukihesabu kile kama kitu.

Nimekaa karibu na karai mpaka maji yakapoa. Mwaitu akapita, akaniuliza kama ni mgonjwa. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimeenda kwa Guled. Duka halikuwa na mtu. Dada yake, Najmo, ndiye alikuwa nje, aliponiona akaingia ndani bila salamu, na ana haki.

Swichi ilikuwa juu ya meza, uchi, inawaka taa zote.

"Haina shida yoyote," Guled akasema. "Niliiwasha tangu juzi, nimeipa mzigo kuliko wako. Ulichagua vizuri."

Nikamwuliza kwa nini alisema vile.

"Yule mama amezika mtoto mwaka huu. Nimwambie na hawa ameua yeye? Na mimi ndiye nilimwambia adui ni vumbi. Nikampimia na uzi. Nilimpimia mwenyewe, Mama Lavender, na sikujiuliza anapimia nini."

"Na shule?"

"Shule wamesema watatafuta mtu mwingine."

Nilitaka kumwomba msamaha, na sikumwomba. Nilitoka hapo nikijichukia. Kumsafisha Guled ni kumwambia Mwaitu. Kumnyamazia Mwaitu ni kumzika Guled akiwa hai. Nimezunguka soko lote bila kununua kitu.

Jumamosi, 7 Desemba

Mtu wa simiti amekuja, amepima kwa hatua zake. Mvua ndogo.

Jumapili, 8 Desemba

Nje ya kanisa watu wananipa pole na kumlaani Guled. Mmoja amesema hao watu hawajawahi kuaminika. Nimeitikia kwa kichwa. Kwa kichwa changu hiki.

Jumanne, 10 Desemba

Mwaitu ameniita baada ya chai. Alikuwa na kitambaa kipya magotini, cheupe, maua ya bluu wakati huu. Na ndani ameshonea satini.

"Nimeomba sana juu ya yule kijana," akasema. "Nimemsamehe. Kila mtu anauza kitu kibovu siku moja. Mpelekee hiki, afunike mashine zake. Mwambie ni kutoka kwa mama yake Muthoka."

Nilikishika. Nikaenda nacho chumbani.

Jumatano, 11 Desemba

Sikuweza kukipeleka na sikuweza kukaa nacho. Asubuhi nimemwambia. Nilileta kile cha maua mekundu nikakigeuza, nikakiweka magotini mwake. Nilimweleza polepole, kwa Kikamba, mbavu ni nini na kwa nini hakuna feni. Nilimwambia kwamba mimi nilikiona kila siku na nikakisifu. Nilimwambia Guled alijua.

Amepitisha kidole kwa ile mistari, mmoja mmoja.

"Nilitaka kukilinda," akasema.

"Najua, Mwaitu."

"Kile kilichobaki chake."



Alhamisi, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Nimeamka nikamkuta sebuleni. Anafumua. Ameanza na cha runinga, anavuta uzi, anauzungusha kwa mkono, unakuwa mpira. Kisha cha friji. Kisha vya viti. Nimemwomba aache, nimemwambia vya viti havina kosa. Anavuta tu. Mpaka jioni nyumba nzima imekuwa uchi, na mipira ya uzi imejaa kikapu, mingine imebaki na mikunjo ya maua ambayo haitanyooka.

Jumatatu, 16 Desemba

Siku ya soko. Mwaitu amevaa leso yake ya kanisa akatoka peke yake, na miguu yake hiyo. Nilidhani ameenda kuuza uzi. Mchana Kasyoka amenipigia simu.

"Mama Lavender, mama mkwe wako yuko kwa duka la yule Msomali. Amekaa kwa stuli mlangoni. Kila mtu akipita anamwita."

Nilikwenda. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa amemshika mkono mwanamke wa Ndithini aliyebeba maharagwe, hamjui, anamwambia, "Nilifunika mimi. Si mashine. Mashine ilikuwa nzuri. Ni mimi nilifunika." Mwanamke yule anasema sawa mama, sawa, anataka kuondoka. Akapita mwingine. "Ni mimi nilifunika." Guled alikuwa ndani, amekaa, amefunika uso kwa mikono. Najmo alikuwa amemletea Mwaitu chai na imepoa.

Nilisimama karibu naye. Nikasema, "Na mimi nilimwita mwizi, na si mwizi." Sauti yangu ilikuwa ndogo. Nikasema tena kwa sauti ya soko. Watu wengine walisimama. Wengi waliendelea kutafuta bei.

Alhamisi, 19 Desemba

Mashine zimebebwa leo, nyumba sasa ni ya mtu wa simiti. Ndolo amesaidia kuzipakia, kisha akanipa mkono kama mgeni, akaenda kwao. Masila amempa Mwaitu chumba Nairobi na mimi nimepewa mpaka Januari niwe nimehama. Mwaitu amekataa, amesema anakaa pale ninapokaa.

Shule haikurudi kwa Guled. Nilikwenda kumwona bwana wa shule mwenyewe, akasema mkataba umesainiwa na mtu mwingine, na huyo anatumia zile swichi za plastiki.

Nimepita dukani kumrudishia betri. Swichi bado iko juu ya meza yake, haina kitu juu, haina waya hata mmoja ila wa stima. Taa zake zinawaka. Guled anasema tangu siku ile alipoibeba, haijazima hata mara moja.